Anayemuuguza Mzazi Aliyesahau: Tumuulize Haja Zake Kabla ya Kumuusia Subira

 

Wasomaji wapenzi, na khasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao ndio wenye kuubeba mzigo nitakaoutaja, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa Mandera, kwenye pembe ile ya mwisho ambapo Kenya hukutana na Ethiopia na Somalia. Ndugu wa madrasa moja walinialika katika mahafali ya watoto wao, nami nikakaribishwa kulala katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Mama yake alikuwa hai, ajuza aliyepita miaka 80. Niliambiwa kwamba zamani ajuza huyo alikuwa akiihesabu nasaba ya ukoo mzima bila ya kukosea jina. Sasa hakumtambua hata mwanawe, akimwita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Kila baada ya muda mchache aliuliza kama mbuzi wamerudi, na nyumba ile haikuwa na mbuzi kwa miaka mingi. Wajukuu wakimwita "ayeeyo", yaani bibi, huku wakijificha nyuma ya mlango kwa kumuogopa.

Aliyekuwa akimuuguza ni mkaza mwana wake, mke wa mwenyeji wangu. Nilipomuona akimlisha mavyaa wake uji kwa kijiko, moyo wangu uliingia huruma, nikamwambia mbele ya mumewe yale niliyozoea kuwaambia wengi: "Binti yangu, subiri. Ujira wako uko kwa Allah."

Akainamisha kichwa, akasema kwa adabu: "Sheikh, ujira nauamini. Lakini huu ni mwaka wa nne. Kila anayeingia mlango huu huniachia subira, kisha akaenda zake. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimelala."

Nilinyamaza. Kwa miaka mingi nimepanda mimbari na kuandika katika kurasa hizi juu ya haki za wazazi, wala sikumbuki kuwa niliwahi kumuuliza anayezitekeleza haki hizo anapungukiwa na nini.

Baada ya sala ya Isha nilimuomba mwenyeji wangu tuketi sote watatu. Nikauliza swali moja moja, nikaandika majibu nyuma ya karatasi ya ratiba ya mahafali. Nilidhani jibu la kwanza litakuwa ni fedha, na sivyo ilivyokuwa. Mume ana duka, na shemeji zake wawili walioko Eastleigh, Nairobi, hutuma kitu kila mwezi kwa simu. Fedha zilikuwa zikifika. Usingizi ndio haukufika. Usiku uliotangulia, mama yule aliamshwa mara 6.

Haja ya pili ilikuwa mlango. Ajuza huamka kabla ya alfajiri kwenda kutafuta mbuzi wake, na mara mbili amekutwa peke yake njiani. Mkaza mwana hawezi kuwasha jiko ila jicho moja liko langoni. Haja ya tatu ilikuwa maji. Katika nyumba ile maji hununuliwa kwa mkokoteni wa punda, na mashuka ya mgonjwa hufuliwa kila siku. Mume alidhani matumizi ya maji yameongezeka kwa sababu ya watoto. Haja ya nne ilikuwa elimu. Jirani mmoja alisema ni jini, mwengine akasema ni laana, na mama yule aliishi kwa hofu kwamba jambo hilo litawahamia wanawe. Haja ya tano iliniumiza zaidi, kwa kuwa ni ya kazi yangu mimi: alikuwa akiamini kwamba anapata dhambi kila ajuza anapokosa sala au anapoirudia mara nne. Na ya sita, mgongo wake mwenyewe ulikuwa ukimuuma kwa kumuinua mgonjwa, wala hajaenda hospitali, kwani angemuachia nani?

Mume alisikiliza hayo yote kama mtu anayehadithiwa habari za nyumba nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Hakuuliza, naye mkewe hakusema.

Ndugu zangu, maradhi haya si aibu wala si mageni katika dini yetu. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nahl na katika Suratul Hajj, imetaja kwamba wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walikuwa wakijua. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na umri huo. Na katika Suratul Israa tumekatazwa kuwatolea wazazi waliozeeka hata sauti ya kuguna. Anayejua hayo hatamcheka mzee aliyesahau, wala hatamfungia chumbani.

Madaktari nao wametueleza kwamba si kila mzee husahau hivyo, na kwamba hili ni ugonjwa wa ubongo, waliouita dimenshia. Aina yake iliyo mashuhuri zaidi imepewa jina la tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Aina nyingine huletwa na kiharusi na maradhi ya mishipa, na ndiyo maana shinikizo la damu na sukari si mambo ya kupuuzwa. Yapo pia maradhi yanayofanana na haya, nayo yana tiba: upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, sonona, hata baadhi ya dawa anazotumia mgonjwa. Kwa hivyo mzee aanze kupelekwa hospitali kabla ya kuhukumiwa. Na akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, basi afikishwe kwa haraka, kwani huenda ni homa, maambukizo au upungufu wa maji mwilini; na joto la Mandera, kama lile la kwetu pwani, halimhurumii mzee asiyekumbuka kunywa maji.

Wala tusidhani ni jambo la wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi haya, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Hapa Afrika Mashariki, uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban watu 6 katika kila 100 waliofikia miaka 70 wanayo. Na Shirika hilohilo limesema kwamba katika kila saa 100 za kuwauguza wagonjwa hawa, 70 zinatolewa na wanawake. Ndiyo maana nimewaelekezea nyinyi maneno haya, na nitawaelekezea waume zenu kabla sijamaliza.

Niliporudi pwani nilimsimulia daktari mmoja rafiki yangu. Akaniambia kwamba nilichokifanya nyuma ya ile karatasi kina elimu yake. Mwaka 1980 huko Marekani, mtaalamu Steven Zarit na wenzake walichapisha kipimo cha mzigo wa wanaouguza wazee. Leo kinatumika sana kikiwa na maswali 22, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, hata jumla iweze kufika 88. Kipimo hicho humueleza daktari mzigo una uzito gani. Lakini kujua kwamba mtu amelemewa hakutuambii tumpokee kitu gani.

Kwa hilo viko vipimo vya namna nyingine, vya haja. Kimoja kilitungwa London kwa ajili ya wazee na kupewa jina la mtaa wa Camberwell. Kila jambo huulizwa na kutiwa katika moja ya mafungu matatu: haja haipo, haja ipo na inatimizwa, haja ipo wala haitimizwi. Utaratibu huu ni mzuri, na yeyote anaweza kuufuata. Lakini tazameni: kipimo hicho kina mambo 24 ya kuulizwa juu ya mzee, na mambo 2 tu juu ya anayemuuguza, nayo ni habari za maradhi na dhiki ya moyo. Hata wataalamu, basi, walimkumbuka mwishoni. Baadaye wametunga vipimo vya haja za wauguzaji peke yao, na hiyo ni kheri.

Lakini kipimo kilichotungwa ugenini hakijui desturi za nyumba zetu. Ukimuuliza mwanamke wa Mandera, au wa Lamu, "Je, unahisi kuelemewa?" atakujibu: "Alhamdulillah." Neno hili ni jibu alilompa Mola wake, na ni jibu la kweli. Wewe uliyeuliza ukaandika "hana haja", umelitumia shukrani lake kumnyima haki yake. Allah ametutahadharisha na jambo hilo katika Suratul Baqarah, alipowataja wahitaji ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Watu hao hawangojewi waseme. Huchunguzwa wakajulikana. Ndiyo maana hatutoi zaka kwa kukisia: tunahesabu mali, tunaangalia nisabu, tunamtafuta anayestahiki. Basi vipi jambo la kumsaidia anayeuguza tuliachie dhana?

Kwa hivyo namna ya kuuliza ni nusu ya kazi. Usimuulize mbele ya mavyaa, wala mbele ya mawifi. Ikiwezekana aulizwe na mwanamke mwenzake, kwa lugha anayoiotea ndoto, kiwe Kiswahili, Kisomali au Kiborana. Usiulize hisia, uliza jambo la jana: "Jana usiku uliamka mara ngapi? Ulikula saa ngapi? Nani alikaa na mgonjwa ulipokwenda kuoga?" Mtu huona haya kusema amechoka, lakini haoni haya kusema aliamka mara 6. Kisha wahesabu wote wanaouguza, kwani katika nyumba kubwa za Mandera, sawa na zetu, mzigo hugawanywa baina ya mke mwenza, binti aliyeachwa na mjukuu aliyetolewa skuli. Huyo mjukuu naye ana haja zake, na ya kwanza ni kurudi darasani. Na baada ya miezi mitatu uulize tena, kwa sababu maradhi haya hayasimami mahali pamoja. Leo haja ni kulinda mlango, mwakani ni kumgeuza mgonjwa kitandani.

Nimeyapanga mambo 7 ya kuulizwa, na kila nyumba inaweza kuyaandika katika daftari na kuweka mbele ya kila moja: haipo, inatimizwa, haitimizwi.

La kwanza, usingizi: je, yuko wa kumpokea angalau usiku mmoja au mawili kwa wiki? La pili, mikono: nani humuinua, humuogesha na kumlinda asipotee? La tatu, elimu: je, ameelezwa na daktari ni maradhi gani, na nini kitafuata? La nne, vitu: maji, sabuni, nepi za watu wazima, mpira wa kufunika godoro, komeo la juu mlangoni. La tano, afya yake mwenyewe: mgongo, shinikizo la damu, mimba ikiwa anayo, na huzuni isiyomtoka. La sita, ibada: ni lipi linalomtia shaka katika sala, saumu na tohara, yake na ya mgonjwa? La saba, heshima: je, ana wa kumsikiliza, au kila anayekuja huja kumkosoa?

Katika la sita, wajibu wa kujibu ni wetu sisi masheikh, nami nalijibu kwa ufupi. Mwenye kuondokewa na akili hakalifishwi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeondolewa kwa asiye na akili mpaka imrudie. Mzee aliyesahau kabisa hadaiwi sala, na wewe unayemuuguza huna dhambi kwa sala iliyompita. Akiwa akili humjia na kumtoka, atasali inapokuwa naye, kwa kadiri awezavyo. Na kumkumbusha kwa upole ni jambo jema, lakini kumlazimisha na kugombana naye si katika dini. Akirudia sala mara nne, mwache arudie. Hayo ni mapenzi yaliyobaki baada ya hesabu kupotea. Katika kuogesha, mwanamume auguzwe na mwanamume, na mwanamke na mwanamke, maadamu wako. Wasipokuwapo, dharura ina hukumu yake: funika nguo, tazama kwa kadiri ya haja tu, wala usimwache mzazi wako katika najisi kwa kuona haya. Na mali ya mzee asiyejijua ni amana. Kumchukua kidole akatiwa wino kwenye karatasi ya shamba au ya nyumba ni dhulma, hata kama aliyefanya hivyo ni mtoto wa kwanza. Na awekwe msimamizi mwaminifu, jambo lifanywe mbele ya kadhi na ya mashahidi. Mambo ya nyumba moja moja yana tofauti zake. Muulizeni mwanachuoni mliye naye karibu.

Daftari likishajazwa, nani atimize? Wa kwanza ni mume na ndugu zake. Wema kwa mama umewajibishwa kwa wanawe wa kumzaa kabla ya mke wa mmoja wao. Mkaza mwana anayeuguza anafanya hisani kubwa, na hisani haifanywi deni. Ndugu walio Nairobi, Muscat au Minneapolis wanaotuma fedha wamefanya vyema, lakini na waulize pia fedha hizo zinunue nini. Pengine mshahara wa msaidizi wa usiku una faida kuliko zulia jipya.

Wa pili ni sisi majirani na watu wa msikiti. Jambo likiwa fardhi kifaya, asiposimama nalo yeyote, sote tumo dhambini. Kila msikiti una kamati ya mazishi. Mara ngapi tumechanga kwa saa moja tu sanda, gari na chakula cha matanga, kwa ajili ya mzee ambaye binti yake hakupata usiku mmoja wa kulala kwa miaka minne? Na wanawake wa darsa wapange zamu: wawili wakae na mgonjwa kila Jumamosi, mwenye nyumba yake atoke au alale.

Wa tatu ni serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imempa mzee haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na pia kutoka kwa serikali. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofikia miaka 70 wakasajiliwa. Ni kidogo, lakini tazama kama mzee wako ameandikwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliotawanywa nchi nzima mwaka 2023 hupita nyumba kwa nyumba. Mmoja akibisha hodi kwako, usimuoneshe mgonjwa peke yake, mwambie: "Na mimi ninayemuuguza, niandike." Liko pia shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, Nairobi, linalowasaidia wanaouguza maradhi haya.

Kule Mandera hatukumaliza kila kitu usiku ule. Mume alikwenda dukani asubuhi akarudi na mpira wa godoro na komeo. Binti wa dada yake, anayekaa mtaa wa pili, alikubali kulala pale usiku wa Alkhamisi na wa Jumapili. Safari ya hospitali kwa ajili ya mgongo ikapangiwa siku. Nami nikaandika hukumu za sala kwenye karatasi, naye akaibandika karibu na kitanda cha mavyaa wake. Ajuza hakupona, wala hatukutazamia apone. Aliendelea kuuliza mbuzi. Lakini niliposafiri, kijana wa nyumba aliyenipeleka stendi ya basi aliniambia kwamba mama yake amelala mpaka adhana ya Alfajiri.

Ijumaa hii, ewe ndugu yangu, mtafute katika ukoo wako au mtaani kwako mtu mmoja anayemuuguza mzee aliyesahau. Usianze kwa kumuusia subira, kwani anayo kukushinda. Muulize alivyolala jana, kisha ukae usikilize jibu lake, na uondoke ukiwa umeshika haja moja ya kuitimiza.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, wape nguvu na raha wanaowauguza, na utuepushe na umri wa kurudishwa dhaifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.